Je, ni lazima uhamie mfumo mpya wa tarakilishi? Yajue haya kabla ya kuamua

Na MWANDISHI WETU

OKTOBA 14, 2025 ilipita kimyakimya katika nyumba nyingi zenye tarakilishi. Hakuna kioo kilichozimika wala faili iliyotoweka. Hata hivyo, siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa Julai 29, 2015 na uliokuwa ukitumika katika mamilioni ya tarakilishi kote ulimwenguni.

Tangu siku hiyo, mwenye tarakilishi ya nyumbani amebaki na maswali. Je, ahamie Windows 11? Abaki alipo? Anunue mashine nyingine? Au aachane na Windows kabisa?

Si maswali madogo hayo. Chukulia familia iliyojinyima mengi ikanunua kipakatalishi kimoja tu. Baba hukitumia kuweka hesabu za duka, mama kuwasilisha ripoti za ushuru, na watoto kufanyia kazi za chuo. Uamuzi wa pupa waweza kuigharimu familia hiyo pesa za karo au kupoteza picha na nyaraka za miaka kumi. Nako kutoamua lolote kwaweza kuwafungulia mlango wezi wa mitandaoni.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji kupima jambo hili kwa utulivu, bila kutishwa na wauzaji na bila kujidanganya kuwa hakuna kilichobadilika.

Mfumo endeshi ni nini?

Tarakilishi bila mfumo endeshi ni chuma na plastiki tu. Mfumo huu ndio programu kuu inayoamka unapowasha mashine, na ndio unaosimamia kila kitu kingine: kibodi, kipanya, kioo, diski, printa na hata mawasiliano ya intaneti.

Programu unazozijua, kama vile ya kuandikia barua, ya kutazamia video au kivinjari cha wavuti, hukaa juu ya mfumo endeshi mithili ya nyumba juu ya msingi. Ndiyo maana kubadilisha mfumo endeshi si sawa na kuongeza programu moja. Ni kuugusa msingi wenyewe ilhali wenye nyumba wangali ndani.

Mifumo maarufu katika tarakilishi za nyumbani ni Windows ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, na jamii ya mifumo huria ijulikanayo kama Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka wa 1991.

Maana halisi ya 'usaidizi kukoma'

Wengi waliposikia kuwa usaidizi umekoma walidhani mashine zao zingekufa. La hasha. Tarakilishi yenye Windows 10 huendelea kuwaka, kuandika, kuchapisha na kuingia kwenye intaneti kama kawaida.

Kinachokoma ni viraka. Kila mfumo endeshi una kasoro ambazo hazikuonekana ulipoundwa. Wataalamu na wadukuzi huzitafuta kasoro hizo kila siku. Inapogunduliwa moja, kampuni hutengeneza kiraka na kukisambaza kupitia masasisho ya kila mwezi. Usaidizi ukikoma, kasoro mpya huendelea kugunduliwa lakini kiraka hakiji.

Isitoshe, mambo huzidi kuwa mabaya kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana. Kampuni inapoziba mwanya katika Windows 11, mdukuzi hukichunguza kiraka hicho ili ajue mwanya ulikuwa wapi, kisha akaujaribu kwa mashine za zamani ambazo hazikuzibwa.

Mfano wa kukumbukwa ni shambulio la WannaCry la Mei 2017. Programu hiyo ya kihalifu ilifunga faili za watu na kuwadai fidia, na ikaathiri zaidi ya tarakilishi 200,000 katika mataifa yapatayo 150. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa.

La kuzingatiwa ni kuwa kiraka cha kuuziba mwanya huo kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio. Walioumia zaidi ni waliokuwa hawajasasisha mashine zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta uliwabomokea watu waliokuwa na tope la kuuzibia ufa mikononi mwao.

Hii ina maana kwamba hoja ya msingi si upya wa mfumo. Hoja ni kama mfumo wako bado unapata viraka, na kama unaviweka.

Mpya si lazima uwe bora kwa mashine yako

Hata hivyo, si haki kumlaumu anayesitasita. Historia inaonyesha kuwa tahadhari ina msingi.

Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, tarakilishi nyingi zilikuwa zimebandikwa kibandiko cha kuonyesha kuwa zingeweza kuiendesha. Baadhi yake ziliweza kuendesha toleo la chini kabisa tu, na suala hilo likafikishwa mahakamani Marekani mwaka huohuo. Wengi waliamua kubaki na Windows XP ya mwaka wa 2001 hadi Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009. Waliosubiri hawakupoteza kitu, kwa kuwa XP iliendelea kupata viraka hadi Aprili 8, 2014.

Kisa kingine ni cha mwaka wa 2015, Microsoft ilipowapa watumiaji wa Windows 7 na 8 mwaka mmoja wa kuhamia Windows 10 bila malipo. Kuna waliolalamika kuwa mashine zao zilijihamisha bila idhini yao. Mwanamke mmoja mfanyabiashara wa California aliyesema tarakilishi yake iliharibika kutokana na uhamisho huo alishtaki, na mwaka wa 2016 kampuni hiyo ikamlipa dola 10,000.

Funzo ni kwamba kusubiri kuna faida iwapo tu mfumo wa zamani ungali unalindwa. Aliyebaki na XP mwaka wa 2008 alikuwa na busara. Aliyebaki nayo mwaka wa 2016 huku akifanyia shughuli za benki alikuwa akicheza na moto. Windows 7 nayo ilifikia kikomo Januari 14, 2020, na wanaoitumia hadi leo wamo katika hali hiyo hiyo.

Windows 11 inadai nini?

Tatizo kubwa la awamu hii si pesa za kununulia mfumo. Kuhama kutoka Windows 10 halali hadi Windows 11, iliyozinduliwa Oktoba 5, 2021, hakulipishwi. Tatizo ni kuwa Windows 11 huzikataa mashine nyingi ambazo bado ni nzima.

Masharti yake ni haya: kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64, prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa na Microsoft, uwezo wa kuwaka kwa kutumia kipengele kiitwacho Secure Boot, na kifaa cha usalama kijulikanacho kama TPM toleo la 2.0.

TPM ni kijisehemu cha kielektroniki ambacho huhifadhi funguo za siri mbali na diski ya kawaida. Ni sawa na kabati la chuma ndani ya nyumba: mwizi hata akiingia sebuleni, hapati funguo kwa urahisi. Katika tarakilishi nyingi kipengele hiki kimo lakini kimezimwa, na fundi anaweza kukiwasha kupitia menyu ya BIOS.

Kizingiti kigumu zaidi ni prosesa. Kwa zile za kampuni ya Intel, zinazokubaliwa kwa jumla ni za kuanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 2017. Kwa upande wa AMD, ni Ryzen za kuanzia msururu wa 2000.

Kujua kizazi cha prosesa ya Intel si kazi ngumu. Tazama tarakimu zinazofuata alama ya i3, i5 au i7. Ikiwa ni i5-6200U, tarakimu ya kwanza ni 6, hivyo ni kizazi cha sita na itakataliwa. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha nane na itakubaliwa. Zenye tarakimu tano kama i5-10210U ni za kizazi cha kumi au cha baadaye.

Habari hizi huonekana ukifungua mipangilio ya Windows, kisha sehemu ya mfumo, halafu sehemu inayoeleza kuhusu tarakilishi yenyewe. Aidha, Microsoft hutoa bila malipo programu iitwayo PC Health Check, ambayo hukagua mashine na kutaja sharti lililokosekana. Ukaguzi huu huchukua dakika chache na ndio hatua ya kwanza kabla ya kumlipa yeyote.

Njia ya kwanza: Kuhama

Ikiwa mashine yako imekubaliwa, ina RAM ya gigabaiti 8 au zaidi na inatumia diski ya kisasa ya SSD, hakuna sababu kubwa ya kukawia. Utapata viraka, na programu zako nyingi zitafanya kazi kama awali.

Ikiwa imekubaliwa lakini ina gigabaiti 4 pekee na diski ya zamani inayozunguka, fikiri mara mbili. Sharti la gigabaiti 4 ni la kuruhusiwa kuingia tu, wala si ahadi ya kasi. Mara nyingi ni afadhali kwanza kuongeza RAM na kubadilisha diski iwe SSD. Marekebisho hayo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kipakatalishi kipya, na huifanya mashine kuukuu ionekane kana kwamba imezaliwa upya.

Fahamu pia kwamba kuhama mara moja hakutoshi. Kila toleo la mwaka la Windows 11 la matumizi ya nyumbani husaidiwa kwa miezi 24 pekee. Baada ya hapo ni lazima uchukue toleo linalofuata, ingawa nalo halilipishwi.

Njia ya pili: Kununua muda

Kwa wale ambao hawakuwa tayari, Microsoft ilitangaza mpango wa kuongeza viraka vya usalama kwa Windows 10 ya nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Kulikuwa na njia tatu za kujiunga: kuhifadhi mipangilio ya tarakilishi kwenye akaunti ya Microsoft, kutumia pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kulipa dola 30 mara moja, sawa na takriban Sh3,900 kwa kiwango cha ubadilishanaji cha 2025.

Njia ya kwanza haikuhitaji malipo, lakini ilihitaji akaunti ya Microsoft. Mashine pia ilipaswa kuwa na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2.

Mpango huu hauongezi uwezo wowote mpya. Ni viraka tu. Anayeutumia anapaswa kuuchukua kama muda wa kujipanga, mathalan kuweka akiba kidogo kidogo kila mwezi, wala si kama suluhisho la kudumu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Microsoft ilisema kinga yake ya virusi, Defender, ingeendelea kupata taarifa za virusi vipya katika Windows 10 hadi Oktoba 2028. Hilo lina manufaa, lakini kinga ya virusi haizibi mianya ya mfumo endeshi. Ni mlinzi langoni ilhali ukuta wa nyuma una tundu.

Njia ya tatu: Linux

Kwa mashine iliyokataliwa na Windows 11 lakini ingali na nguvu, Linux ni njia inayostahili kuzingatiwa kwa uzito. Haiuzwi. Ubuntu, ambayo ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, na Linux Mint ambayo imejengwa juu yake, ni miongoni mwa zile rahisi kwa mgeni. Toleo la Ubuntu la Aprili 2024 lina viraka vya kawaida kwa miaka mitano.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuvutiwa na programu huria. Ni kupitia juhudi hizo ambapo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili.

Uzuri mmoja wa Linux ni kwamba unaweza kuijaribu kabla ya kuamua. Ukiiweka kwenye flashi diski na kuiwashia tarakilishi kutoka hapo, itafanya kazi bila kugusa faili zako. Utaona kama sauti, kamera na mtandao wa Wi-Fi vinafanya kazi. Usiporidhika, unachomoa flashi na kurejea ulikotoka.

Lakini tusifichane. Microsoft Office haiwekwi moja kwa moja katika Linux. Programu mbadala ya LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, ila mpangilio wa kurasa huweza kuvurugika, na lahajedwali zenye makro huweza kugoma. Mkenya ambaye hujaza ripoti za ushuru kwa lahajedwali za KRA zenye makro, au mhasibu anayetumia programu maalumu ya Windows, anapaswa kujaribu kwanza kazi hiyo mahususi kabla ya kufuta chochote.

Kwa anayetumia tarakilishi kusoma habari, kutuma barua pepe, kutazama video, kuingia eCitizen na kuandika barua za kawaida, mabadiliko hayatamsumbua kwa muda mrefu. Kivinjari ni kilekile na kurasa ni zilezile.

Njia ya nne: Kulazimisha

Mafundi wengi mitaani hujua hila za kuiweka Windows 11 katika mashine isiyoidhinishwa. Kazi hiyo huwezekana, na kwa muda mashine huonekana sawa.

Tatizo ni kuwa Microsoft yenyewe imeonya kuwa tarakilishi za aina hiyo hazina hakikisho la kupata masasisho. Ikiwa lengo lako la kuhama lilikuwa kupata viraka, basi umegharamia safari bila uhakika wa kufika. Aidha, toleo la mwaka wa 2024 lilikataa kabisa kuwaka katika baadhi ya prosesa kongwe hata kwa hila hizo.

Njia hii huenda ikamfaa mtu mwenye ujuzi anayefanya majaribio. Haifai kwa mashine pekee ya familia.

Njia ya tano: Kununua nyingine

Soko la vipakatalishi vilivyotumika, hasa vinavyotoka Uingereza na kuuzwa katikati ya jiji la Nairobi na miji mingine, limewasaidia wengi. Hata hivyo, hapa ndipo mnunuzi asiyejua huweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mashine nyingi za bei nafuu madukani ni zilezile ambazo kampuni za ng'ambo ziliziondoa ofisini, na huenda sababu moja ni kuwa Windows 11 ilizikataa. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina prosesa ya kizazi cha sita. Ile iitwayo G5 kwa kawaida huwa na ya kizazi cha nane. Kwa Lenovo ThinkPad, T470 iko nyuma ya mstari huo, ilhali T480 nyingi zimeuvuka. Ukiitazama kwa macho huenda usione tofauti yoyote, lakini moja imefungiwa mlango na nyingine ina miaka mbele yake.

Usikubali kuambiwa tu kwamba 'ina Windows 11'. Huenda imelazimishwa. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, usome jina la prosesa wewe mwenyewe, kisha uamue.

Tahadhari kuhusu nakala za wizi

Haiwezekani kuzungumzia suala hili nchini bila kutaja nakala haramu. Tarakilishi nyingi zimewekwa Windows iliyofunguliwa kwa programu za kuvunja kufuli, na mara nyingi mwenye mashine hajui.

Mbali na kuwa ni kinyume cha sheria ya hakimiliki, programu hizo za kuvunja kufuli humlazimu fundi kuzima kinga ya virusi kabla ya kuziweka. Hakuna ajuaye kingine kilichoingia mlango ulipokuwa wazi. Anayejadili kama atahamia mfumo mpya kwa ajili ya usalama, ilhali nakala yake imefunguliwa kwa njia hiyo, anaanzia mwisho.

Vipakatalishi vingi vya kampuni vilikuja na Windows halali ambayo idhini yake imefungamana na mashine yenyewe. Ukiweka upya nakala safi kutoka Microsoft, mara nyingi itajitambua bila kuulizwa malipo. Usimlipe fundi kwa kitu ambacho tayari ni chako.

Kazi yako ndiyo iamue

Baada ya kuyajua haya, swali hubaki: wewe hufanya nini na tarakilishi yako?

Mwenye biashara ndogo anayehifadhi majina na nambari za wateja, au anayeingia kwenye akaunti za benki, asikae na mfumo usio na viraka hata kwa mwezi mmoja. Hasara ya akaunti moja kuvamiwa huzidi bei ya mashine.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu, na ambaye amebakiza wiki tatu kuiwasilisha, asihame leo. Ahifadhi kazi yake mahali pawili, aiwasilishe, kisha ahame. Wakati wa kubadilisha msingi wa nyumba si usiku wa kuamkia harusi.

Mzee aliyestaafu ambaye amezoea mahali kila kitu kilipo, na ambaye hutumia mashine kusoma magazeti na kuzungumza na wajukuu walio ng'ambo, anahitaji usalama lakini pia anahitaji mtu wa kuketi naye siku mbili tatu baada ya kuhama. Kumbadilishia mfumo na kuondoka ni sawa na kumnyang'anya.

Nayo tarakilishi kuukuu ambayo hutumiwa kucheza nyimbo tu au kuandika bila kuunganishwa na intaneti yaweza kubaki ilivyo. Ila mtu akichomeka flashi diski asiyoijua imetoka wapi, hatari itaingia kwa mlango huo.

Kabla ya kubonyeza

Ukiamua kuhama, zingatia hatua hizi ambazo wengi huzipuuza kisha wakajuta.

Kwanza, nakili faili zako zote muhimu kwenye diski ya nje, na zile za thamani kubwa pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usitosheke na kunakili tu. Chomeka diski hiyo katika tarakilishi nyingine na ufungue picha na nyaraka kadhaa kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu.

Pili, andika karatasini nywila zako, hasa za barua pepe. Baadhi ya watu hawakumbuki nywila zao kwa kuwa kivinjari huwakumbukia, na siku kivinjari kinapofutwa ndipo hugundua kuwa wamefungiwa nje.

Tatu, jua kuwa Windows 11, hasa matoleo ya tangu mwaka wa 2024 yakiwekwa upya kabisa kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuifunga diski kwa msimbo wa siri yenyewe. Ufunguo wa kuirejesha huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Ingia, uutafute na uuandike. Asiye na ufunguo huo mashine ikipata hitilafu hataziona faili zake tena, na hakuna fundi atakayemsaidia.

Nne, fikiria intaneti. Faili ya Windows 11 huzidi gigabaiti 5, na masasisho hufuata. Anayetumia bando za simu anaweza kuimaliza ya wiki nzima kabla ya adhuhuri. Ni afadhali kutafuta Wi-Fi isiyo na kikomo, au kupakua mara moja kwenye flashi ya gigabaiti 8 na kuitumia kwa mashine zote za nyumbani.

Tano, fikiria stima. Umeme ukipotea katikati ya shughuli hii, mfumo unaweza kuharibika. Hakikisha betri ya kipakatalishi imejaa na inadumisha chaji. Kwa tarakilishi ya mezani isiyo na chombo cha kuhifadhi umeme, chagua saa ambazo stima haina mazoea ya kupotea mtaani mwenu.

Sita, chunguza kama printa na skana zako zitatambuliwa. Vifaa vya zamani huweza kukosa programu za kuviendesha katika mfumo mpya.

Mwisho, kumbuka kuna mlango wa kurudi. Ukihama kutoka Windows 10 hadi 11 bila kufuta, una siku 10 za kurejea ulikotoka kupitia mipangilio. Katika siku hizo jaribu kila kitu unachokitegemea: chapisha, piga simu ya video, fungua lahajedwali zako. Usikimbilie kusafisha diski ili kupata nafasi, kwani utafuta mfumo wa zamani na mlango huo utafungika.

Uamuzi ni wako

Kwa muhtasari, aliye na mashine iliyokubaliwa na yenye nguvu, ahame baada ya kuhifadhi faili zake. Aliye na mashine iliyokubaliwa lakini dhaifu, aiimarishe kwanza. Aliye na mashine iliyokataliwa na kazi zake ni za kawaida, aijaribu Linux kwa flashi wikendi moja. Aliye na mashine iliyokataliwa na kazi zake zahitaji Windows, aanze kuweka akiba ya nyingine, na wakati huohuo shughuli za benki azifanyie kwenye simu inayopata masasisho.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayohitaji kufanywa kwa hofu. Linalohitajika ni kuijua mashine yako kwa jina na nambari, kujua unachoifanyia, na kuweka nakala ya kile ambacho pesa haziwezi kukinunua tena. Kipakatalishi kikiharibika kitanunuliwa kingine. Picha za arusi za wazazi waliotutoka hazipatikani dukani.